Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Fikra Ufukweni mwa Simbi Nyaima

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu sisi huitumia methali hii mezani, tukimaanisha kwamba ujio wa mgeni humnufaisha mwenyeji kwa mlo ulio bora kuliko wa kila siku. Kando ya ziwa dogo la Simbi Nyaima, karibu na mji wa Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay, methali hiyo huchukua maana nzito zaidi. Kisakale cha mahali hapo chasimulia kwamba ajuza mmoja aliingia kijijini usiku, watu wakiwa katika karamu, akaomba hifadhi. Alifukuzwa kila alikobisha hodi. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea na kumlisha. Ajuza akamwonya ahame upesi pamoja na jamaa yake. Mvua kubwa ikanyesha, kijiji kikazama na wote waliobaki. Hadi leo jina la ziwa hufasiriwa kuwa ni kijiji kilichozama. Aliyepona ni mwenyeji aliyemkaribisha mgeni.

Mimi ni mzaliwa wa Macalder, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kaunti ya Migori. Kisa hiki nilikisikia nyumbani kwa Kidholuo kabla ya kukisoma darasani kwa Kiswahili. Hata hivyo, sikufika Simbi hadi nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, nikifuatana na mwanafunzi mwenzangu wa Kisumu ambaye wazee wake walitoka Gujarati, India. Tulisimama ukingoni tukitazama maji ya kijani na heroe wakichovya midomo yao humo. Wanajiolojia hutueleza kwamba ziwa hili ni kasoko ya volkeno na kwamba maji yake ni ya magadi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kutueleza kwa nini wenyeji huyaheshimu maji hayo.

Mwenzangu alikumbuka hija ya bibi yake katika mji wa Dwarka, pwani ya Gujarati. Hekalu la Krishna limesimama pale mto Gomti unapoingia baharini, nalo ni mojawapo ya vituo vinne vikuu vya hija ya Wahindu. Mahujaji huoga mtoni kisha hupanda ngazi kuelekea hekaluni. Kilomita 12 hivi kutoka hapo kuna ufuo mzuri wa Shivrajpur, uliopewa Bendera ya Samawati mwaka 2020. Jambo lililotushangaza sote wawili ni kwamba masimulizi ya Wahindu yanadai kuwa mji wa kale wa Krishna ulimezwa na bahari baada ya kifo chake. Yaani Dwarka nayo ni Simbi!

Tofauti iko wapi? Dwarka, anayekwenda kucheza mchangani huwa amekwisha kusikia habari za mji uliozama, kwa kuwa hekalu, nyimbo na mahujaji humsimulia. Siku ile tuliyokuwa Simbi, kundi la wageni lilishuka garini, likawapiga picha heroe, likaondoka. Hakuna aliyemuuliza neno mzee aliyeketi chini ya mti hatua chache kutoka hapo.

Nasi tulikuwa karibu kuondoka vivyo hivyo. Nilipomwomba, "Jaduong', tusimulie kisa cha ziwa," alitutazama kwa muda.

"Si mmekisoma shuleni? Basi niambieni, yule mwanamke alipokimbia, alishika njia gani?"

Hatukuwa na jibu. Vitabu tulivyosoma havikutaja njia. Mzee akatuonyesha kwa fimbo yake upande ambao yeye naye alionyeshwa na babu yake. Wakati huo nilitambua kwamba tulichokariri darasani ni muhtasari, na kwamba masimulizi yenyewe yangali kinywani mwa fanani, penye ziwa lake.

Kuna watakaopinga, wakisema kwamba kisakale cha Wajaluo kikiingizwa katika Kiswahili kitapoteza ladha yake. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kukirekodi kwanza kwa Kidholuo, kwa sauti ya fanani mwenyewe, kwa ridhaa yake na jina lake likitajwa, ndipo kifasiriwe kwa Kiswahili ili Mkenya wa Lamu na Mtanzania wa Musoma wakifahamu. Thimlich Ohinga, karibu na kwetu Macalder, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake za mawe zitadumu. Masimulizi ya wazee hayana kuta za kuyalinda.

Hivyo basi, napendekeza kila mwanafunzi wa fasihi simulizi apewe alama kwa kisa kimoja alichokikusanya mahali kinapohusika, badala ya kubishana mtihanini tu kama Simbi ni kisakale au kisasili. Wahadhiri wetu wanaweza kulianza jambo hili muhula ujao bila kungoja fedha za wafadhili.

Fanani wa Simbi leo yu katika hali ya ajuza yule: ameketi mlangoni petu akingoja kukaribishwa. Tukimpita, kitakachozama safari hii ni kisa chenyewe.