Supu ya Kuku Ndiyo Ofu Yetu ya Ugonjwa

Wasee, nitasema na msinirushie mawe: kama unaishi pekee yako na hujui kupika supu ya kuku, bado hujahama kwenu. Umehamisha tu godoro.

Wale wameandikwa kazi wako na pa kuegemea. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, unaweza kupata siku 7 za ugonjwa kwa mwaka na mshahara wote, kisha zingine 7 na nusu mshahara, bora uwe na cheti cha daktari. Sasa sisi je? Sisi wa kushuti video, wa boda, wa mitumba, wa kuandika kazi za watu mtandaoni? Hatuna bosi wa kupelekea cheti. Ukilala, doo pia inalala.

Ndio maana homa ikitushika tunakimbia duka la dawa, tunaitisha "kitu ya homa", tunapewa vidonge kwa kikaratasi, tunameza, tunarudi kazi. Mara nyingine humo ndani kuna antibayotiki. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Umelipia dawa isiyokuhusu, na bakteria walio mwilini mwako wanapata nafasi ya kuizoea. Siku utaihitaji kweli, itakuangusha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so usiniite daktari. Lakini kusoma sikuacha. Mwaka wa 1978 watafiti kule Miami Beach walinywesha watu maji baridi, maji moto na supu moto ya kuku. Supu ilifanya makamasi yatembee haraka puani kuliko maji baridi, ingawa baada ya nusu saa nguvu ilikuwa imeisha. Mwaka wa 2000, Stephen Rennard wa Chuo Kikuu cha Nebraska alipeleka maabara supu ya shosh wa mke wake. Ilipunguza mwendo wa aina fulani ya seli nyeupe za damu, zile zinazohusika na uvimbe. Hiyo ilikuwa maabara, si ndani ya mtu.

Kwa hivyo supu haiponyi homa. Homa ya kawaida hupoa yenyewe, wiki moja hivi. Kazi ya supu ni nyingine: inakupa maji, chumvi kidogo na chakula wakati koo limekataa ugali. Zaidi ya yote, haiharakishwi. Sufuria ikiwa motoni lazima ukae nyumbani. Hiyo saa moja ndiyo ofu ambayo hakuna mtu atakuandikia.

Na si ngumu. Nunua mapaja mawili. Mfuko ukikauka, chukua shingo na miguu, maana utamu wa supu uko kwa mifupa. Weka maji baridi yafunike kuku, washa, toa povu, kisha punguza moto. Tia kitunguu, karoti, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa. Broila anataka kama dakika 45. Kienyeji, jipange saa moja na nusu kwenda juu. Tambi zinaingia mwisho kabisa, ama zitageuka uji. Vunja spageti ndogo ndogo, au tumia zile za pakiti. Ule unga wa ladha, tia nusu tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na unga ule una chumvi kweli kweli. Malizia na dania na ndimu.

Najua utaniambia gesi ni ghali. Ni kweli. Lakini tafadhali usiingize jiko la makaa kwa keja iliyofungwa ukisema unapata joto pia. Ule moshi usioonekana huua watu wakiwa wamelala. Kama huna friji, pika ya siku moja na ugawie jirani.

Supu pia ina mipaka. Joto la mwili likipita siku tatu, ukipumua kwa shida, au ukiwa umetoka juzi Kisumu au Pwani na unatetemeka, enda hospitali upimwe malaria. Usikae hapo ukikoroga sufuria.

Jifunze Jumapili hii ukiwa bado fiti, kwa sababu hakuna mtu anajifunza kupika akiwa na joto la 39. Wanaume, hii pia ni yenu. Halafu angalia ploti yenu. Kama kuna msee ambaye mlango wake haujafunguka tangu jana, bisha. Mpelekee kikombe.