Tumaini Baada ya Kura



Kila baada ya uchaguzi mkuu tunaulizana: je, tunayo sababu ya kuitumainia nchi yetu? Aliyeshinda hujibu upesi kwamba ipo. Aliyeshindwa hujibu kwamba haipo. Wote wawili wanatazama madaraka tu. Tumaini la kweli lina shina jingine.

Wazee wa Keko wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 1995, siku ya uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992. Hapa Dar es Salaam vifaa vya kupigia kura vilichelewa, vituo vikavurugika, na Tume ya Uchaguzi ikaufuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya mkoa. Tarehe 19 Novemba watu walirudi kupanga mstari, ingawa wengine walikwisha kukata tamaa. Oktoba 1996 Temeke ilipiga kura mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, katika uchaguzi mdogo, ikamchagua Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Chama tawala kilishindwa papa hapa mjini, wala nchi haikuanguka.

Funzo si nani alishinda. Funzo ni kwamba kosa lilikubaliwa hadharani, likasahihishwa walau kwa sehemu, na raia akarudi kituoni. Mafundi seremala wetu wa Keko wanalijua jambo hili: kiti kilicholegea mguu hakiponi kwa kupakwa rangi, sharti kifunguliwe na kuungwa upya.

Miaka 30 kamili baadaye, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura iliingia damu. Jiji letu liliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa, na zipo familia zilizofiwa. Kumwambia mama aliyempoteza mwanawe kwamba yamekwisha, tusonge mbele, ni kupaka rangi kiti kibovu. Tumaini lake litaanza pale ukweli utakaposemwa, marehemu watakapohesabiwa, na waliokosa watakapowajibika.

Basi tusingoje mwaka 2030. Katika jumuiya zetu tuwatembelee wafiwa, tujifunze sheria za uchaguzi, na tudai ukweli kwa utulivu lakini bila woga. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila koleo halijiungi lenyewe.