Pua ya Ndege ya Karatasi

Katika mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba, watoto huitambua ndege kwa mlio wake kabla hawajaiona. Uwanja wa ndege hauko mbali, na mji wenyewe umezoea ndege tangu miaka ya 1930, Juba ilipokuwa kituo cha ndege za Imperial Airways zilizosafiri baina ya Misri na nchi za kusini. Si ajabu, basi, kwamba mtoto wa miaka kumi, mwana wa koplo mmoja, alikata shauri kujitengenezea ndege yake kwa karatasi ya manila. Aliyoichagua ni Hercules, ndege ya mizigo yenye injini nne za pangaboi, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1954 na hata leo ingali ikitumika.

Baba yake alipofika nyumbani kwa likizo ya siku kumi na nne, alikuta kiwiliwili cha ndege kimekwisha kuviringwa, mabawa yamekatwa, na mkia umesimama wima. Kilichokosekana ni pua. Mtoto alikuwa amejaribu mara tatu. Mara ya kwanza alisokota karatasi kama anayefunga karanga za kuuza, ikatoka ncha kali isiyofanana na pua butu ya Hercules. Mara ya pili aliivika karatasi juu ya yai, ikajikunja makunyanzi pande zote. Mara ya tatu aliilowesha mno, ikachanika. Mama yake, aliyejifunza Kiswahili alipokuwa mkimbizi huko Kakuma, nchini Kenya, alilalamika kwamba unga wa nyumba nzima unakwisha kwa kupikiwa gundi.

Siku ya tatu ya likizo, mtoto aliingia uani mbio.

"Baba, nimepata pua ya ndege!"

"Umeipata wapi, mwanangu?"

"Kule mtaroni, mvua ilipochimba mchanga. Ni chuma cha mviringo, laini kabisa. Nikikifukua nitabandika karatasi juu yake."

Koplo aliweka kikombe cha chai chini. "Umekigusa?"

"Hapana, Baba. Kimezama. Nimekuja kuchukua kijiti cha kufukulia."

Hakumpiga wala hakumkemea. Alimshika mkono, wakaenda pamoja hadi mahali ambapo mtoto aliweza kuonyesha kwa kidole, wala hawakupiga hatua zaidi. Macho ya askari yalitosha. Lilikuwa bomu la mzinga, ncha juu. Katika mabomu mengi ya namna hiyo, ile ncha ya mviringo inayompendeza mtoto ndiyo mahali penyewe pa kiwashio. Juba ilipiganiwa Desemba 2013 na tena Julai 2016, na vita huacha ardhini vitu ambavyo havikulipuka siku yake. Kutu haivifanyi kuwa salama, na mvua huvifunua.

Koplo alifanya mambo manne, ambayo yafaa kila nyumba iyajue. Alirudi nyuma kwa njia ile ile waliyoijia. Aliweka alama iliyoonekana kwa mbali, bila kukikaribia kitu chenyewe. Aliwaita majirani wawazuie watoto wao. Kisha alitoa habari kituo cha polisi, ili waje watu waliofunzwa kutegua mabomu. Ingawa yeye ni askari, hakujaribu kuliondoa mwenyewe, kwa maana kufyatua bunduki ni ujuzi mmoja na kutegua bomu ni ujuzi mwingine.

Jioni ile mtoto aliuliza swali alilokuwa nalo moyoni mchana kutwa: "Sasa pua itatoka wapi?"

"Itatoka katika karatasi," baba alijibu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Karatasi hukubali kupindwa upande mmoja kwa wakati mmoja. Ikiviringwa huwa bomba, ikisokotwa huwa pia. Lakini yai limepinda pande zote kwa pamoja, na karatasi nzima haiwezi kulifuata bila kukunjamana. Mama, aliyekuwa akimenya chungwa, ndiye aliyetoa mfano. Ganda likitoka vipande virefu vyembamba, kila kipande hukaa juu ya meza karibu bapa. Vikirudishwa pamoja, chungwa huwa chungwa tena. Mchora ramani Martin Waldseemüller alitumia akili hiyo hiyo mwaka 1507, alipochapa ramani ya dunia katika vipande 12 vyenye tumbo pana na ncha kali, ili vibandikwe juu ya tufe.

Kiwiliwili cha ndege ya mtoto kilikuwa na kipenyo cha sentimeta 4, na kwa hiyo mzingo wake ulikuwa kama sentimeta 12.6. Pua ya nusu tufe hugawanywa katika vipande vinane, kila kimoja kikiwa na upana wa milimeta 15.7 kwenye kitako, na urefu wa milimeta 31 kutoka kitako hadi ncha. Kosa la wengi ni kukata pembetatu zenye kingo zilizonyooka. Pembetatu hizo zikiunganishwa hutoa paa la msonge, si pua. Kingo hazina budi kutuna. Theluthi moja kutoka ncha, upana ni milimeta 8. Katikati ni 11. Theluthi mbili kutoka ncha ni 13.5. Nukta hizo zikiwekwa kwa penseli na kuunganishwa kwa mchirizi mmoja laini, umbo lenyewe hupatikana. Anayetaka pua ndefu zaidi huongeza urefu wa vipande, lakini upana wa kitako haubadiliki.

Vipande vyote vinane havikatwi mbalimbali. Huachwa vimeshikana kwenye ukanda mmoja chini, mithili ya petali za ua, na ukanda huo ndio unaoingia ndani ya kiwiliwili na kupakwa gundi. Kabla ya kuunganisha, kila petali hulainishwa. Huwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha husuguliwa polepole kwa mgongo wa kijiko, kutoka kitako hadi ncha, mpaka ianze kujipinda yenyewe. Karatasi ina nyuzi, na hupinda kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko wa pili. Yafaa kuijaribu kwa vidole kwanza, na kuikata ili upande ule mwepesi ufuate urefu wa petali.

Gundi nyingi ni adui. Unga wa muhogo uliopikwa kwa maji hadi ukawa uji mzito watosha, ukipakwa kwa ncha ya kijiti. Petali huunganishwa zile zinazotazamana kwanza, mbili kisha mbili, ili pua isiende upande. Kwa ndani, kila kiungo huungwa kwa ukanda mwembamba wa karatasi, upana wa milimeta 4.

Pua ikikauka bado huonyesha mistari minane. Basi vipande vidogo vya gazeti, vilivyochanwa kwa mkono na si kwa mkasi, hubandikwa juu ya viungo, tabaka mbili au tatu, kila tabaka ikiachwa ikauke kivulini. Ukingo uliochanwa hufifia. Uliokatwa kwa mkasi huacha ngazi. Mwishowe hupitishwa msasa mwembamba, bila kukandamiza, na kufutwa vumbi kabla ya rangi.

Anayehitaji maumbo kadhaa yanayolingana, kama vifuniko vya injini nne, hufanya kielelezo kimoja cha udongo wa mfinyanzi. Udongo ukikauka, huvikwa tabaka ya kwanza ya karatasi iliyoloweshwa kwa maji matupu, isigandamane nao, kisha tabaka nne au tano zenye gundi. Zikikauka huvuliwa kama kofia. Udongo hupatikana bure, na yai, limau, kibuyu kidogo au mgongo wa upawa pia hufaa. Nyumba haikosi vitu vya mviringo, na mtoto aliyeonyeshwa hivyo hana haja ya kwenda kuvitafuta mtaroni.

Jambo hilo ndilo lililomkalia koplo moyoni. Alikuwa amewahi kuwaonya askari vijana wasiokote vyuma, lakini nyumbani hakuwahi kusema neno, akidhani mji mkubwa hauna hatari hiyo. Mtoto hakuwa mtundu wala mkaidi. Alikuwa na kazi mkononi isiyowezekana, na hakuna aliyekaa naye kumwonyesha njia. Onyo bila njia nyingine humfanya mtoto afiche kile alichookota.

Waliopewa kazi ya kutegua walikuja na kuliondoa bomu, na mtaro ukawa salama kwa watu na mbuzi wao. Siku ya kumi na tatu pua ilikaa mahali pake, butu na laini, na mtoto akapitisha kidole kuutafuta mstari asiuone.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne koplo alifunga mkoba wake. Vifuniko vya injini vilikuwa bado, na mtoto alikwisha kuviringa udongo wa kielelezo.

"Ukirudi utavikuta vyote vinne, Baba."

"Na ukiona chuma?"

"Narudi kwa njia niliyoijia, kisha namwambia Mama."