Msafara Haukuongozwa kwa Barua Kutoka Unguja

Wapo wasomi wenzangu wanaoamini kwamba kazi kubwa haiendi bila ubongo mmoja ulioketi makao makuu. Waje Tabora.

Katika karne ya 19, Bagamoyo hadi Unyanyembe ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu. Tajiri wa Unguja aliweza kutoa mtaji na bunduki. Uamuzi wa njiani hakuweza kuutoa. Kirangozi aliyetangulia mbele ndiye aliyejua njia na maji. Wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao watu huru wa ujira, posho ikipungua waliweza kugoma. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, waliotaka kufika walizungukia kusini. Stanley naye alipita huko. Kungoja amri ya pwani kungekula nusu mwaka. (Siisifu njia ile, maana watumwa nao walipitishwa humo. Nasema tu ilivyofanya kazi.)

Wataalamu wa kompyuta huita mpangilio wa namna hiyo mfumo wa mawakala wengi: kila wakala huona sehemu yake, huamua kwa anachokiona, huafikiana na jirani. Mpe wakala wajibu huku ukimnyang'anya uamuzi, naye hugeuka tarishi. Ndivyo tulivyozifanya halmashauri zetu.

Mwaka 1972 tulizifuta halmashauri za wilaya na kuliita jambo hilo Madaraka Mikoani, ilhali waliokabidhiwa madaraka hayo walikuwa watumishi wa serikali kuu. Sheria za 1982 zikazirejesha, na Ibara ya 146 ya Katiba inatamka kuwa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani? Diwani huchaguliwa na wananchi, mkurugenzi huteuliwa na Rais. Wakivutana, kila mtumishi ajua amtii nani. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa TRA, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye umeme. Lakini mtaro ukiziba Isevya, anayegongewa mlango ni diwani.

Nitaambiwa halmashauri zinaiba, nikasome ripoti za CAG. Nazisoma. Humo wizara na mashirika ya umma pia hutajwa, wala sijasikia mtu akipendekeza wizara zipokonywe uamuzi.

Kodi ya majengo ya Tabora irudi Manispaa ya Tabora. Mkurugenzi aajiriwe na baraza la madiwani, na baraza hilo hilo liweze kumfukuza.