Maana ya Majina: AVIVA

Wako wazazi wampao binti yao jina la Aviva wakidhani kwamba ni la mwanamke wa Biblia. Neno limo, mwanamke hayumo. Katika Kutoka 9:31, kwa Kiebrania, «aviv» ni shayiri yenye masuke mabichi, ile iliyopigwa na mvua ya mawe huko Misri. Katika Kutoka 13:4 ni mwezi ambao Waisraeli walitoka utumwani. Biblia ya Kiswahili huuita Abibu.

Kiebrania kilianza kufufuliwa kuwa lugha ya nyumbani katika miaka ya 1880. Neno hilo likazoeleka kwa maana ya majira ya kuchipua, yafuatayo baridi. Mji wa Tel Aviv, ulioanzishwa mwaka 1909, umelibeba. Wazazi wakaongeza -a, alama ya kike, likawa jina la binti.

Nasi twafanya vivyo hivyo: Neema na Tumaini yalikuwa maneno kabla ya kuwa majina. Basi ukimwita mwanao Aviva, mweleze mapema maana yake, asije akafundishwa na wapitao hadithi isiyokuwapo.