Kiwambo cha samawati ni cha kusomwa, si cha kufutwa

IWAPO kuna tukio lililowafunza walimwengu jinsi maisha ya kisasa yanavyoning'inia kwenye uzi mwembamba, basi ni lile la Ijumaa, Julai 19, 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, inayolinda tarakilishi za mashirika, ilisambaza faili yenye kasoro kwa wateja wake kote duniani. Faili hiyo iliondolewa dakika 78 baadaye, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kwa makadirio ya Microsoft, tarakilishi milioni 8.5 zilipatwa na kile kinachojulikana kama kiwambo cha samawati. Ndege zilikwama viwanjani na hospitali kadhaa ng'ambo zikaahirisha upasuaji.

Tarakilishi za nyumbani ziliponea siku hiyo, kwa sababu programu hiyo huuziwa mashirika. Hata hivyo, kwa familia nyingi za kisiwa cha Mombasa kiwambo hicho si habari ya ng'ambo. Huja usiku, kazi ikiwa nusu. Mashine hujiwasha upya, hufanya kazi siku mbili tatu, kisha hukirudisha kiwambo kile kile.

Jambo hili lingekuwa dogo lau tarakilishi ingalikuwa pambo la sebuleni. Sivyo tena. Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen. Ripoti ya kodi ya kila mwaka huwasilishwa kwa mtandao kabla ya Juni 30 kupita. Ni kweli kwamba simu hutosha kwa mengi, lakini tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka na barua za miaka kumi bado hukaa ndani ya mashine moja pale nyumbani. Serikali imeihamishia kaunta yake kwenye meza ya mwananchi; gharama ya kuitunza meza hiyo imebaki juu ya mwananchi mwenyewe.

Ni vyema kwanza kuelewa kiwambo hicho ni nini. Windows inapogundua hitilafu katika kiini chake, husimamisha kila kitu kwa makusudi ili isije ikaandika uongo juu ya kumbukumbu zako. Ni mfano wa nahodha anayetua tanga baada ya kusikia mlingoti ukilia. Hata wakubwa hawakusalimika: Aprili 1998, jijini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani akiionyesha Windows 98 pale msaidizi wake alipochomeka skana na kiwambo kikageuka samawati mbele ya hadhira. Mnamo 2025 Microsoft ilitangaza kwamba katika Windows 11 rangi hiyo ingegeuzwa kuwa nyeusi. Rangi imebadilika, maana ni ile ile.

Kosa kubwa linalofanyika ni kukichukulia kiwambo hicho kama maradhi, ilhali ni dalili. Mwenye mashine huikimbiza kwa fundi, naye fundi, mwenye foleni ya wateja, hufuta kila kitu na kuiweka Windows upya. Malipo hutolewa na mashine hurudi nyumbani ikiwa nyepesi. Baada ya wiki mbili kiwambo hurejea, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa Windows bali kifaa. Kufikia hapo picha za arusi na faili za kazi zimekwenda, na pamoja nazo umekwenda ushahidi ambao ungemwonyesha fundi mwingine chanzo cha tatizo.

Kwa mkazi wa Mji wa Kale, chanzo hicho mara nyingi kimo katika mazingira yake. La kwanza ni hewa. Upepo ule ule unaozitafuna nondo za madirisha na mabati ya paa kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu huingia pia ndani ya tarakilishi, ukiwa na chumvi na unyevu. Miguu ya shaba ya kadi za RAM, ambazo ndizo kumbukumbu ya muda ya mashine, hushika kutu au utando, mguso ukalegea, na Windows ikasoma kitu kisichokuwapo. Aidha, chumvi na vumbi vikichanganyika huziba feni, na joto la Februari na Machi humalizia kazi.

La pili ni umeme. Nyumba nyingi za mtaa huo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kabla ya kuwapo nyaya, na nyaya zikaongezwa baadaye kidogo kidogo. Si ajabu kukuta friji, pasi na tarakilishi zikinyonya kutoka soketi moja. Juu ya hayo, gridi ya taifa yenyewe imepata kuanguka mara kadhaa: Juni 7, 2016, baada ya tumbili kuangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na tena Agosti 25 na Desemba 10, 2023. Umeme unapokatika diski ikiwa inaandika, faili hubaki nusu. Unaporejea kwa kishindo, huumia kile kisanduku kinachoupokea ndani ya mashine.

Je, mtu afanyeje? Hatua ya kwanza kabisa, kabla ya uchunguzi wowote, ni kunakili faili muhimu kwenye diski ya nje. Ikiwa diski kuu ndiyo inayokufa, kila jaribio la kuitengeneza huweza kuwa pumzi yake ya mwisho.

Hatua ya pili ni kukipiga picha kiwambo kwa simu na kuandika tarehe, saa na kazi iliyokuwa ikifanyika. Maneno ya herufi kubwa au tarakimu zilizopo pale ndizo ushahidi. Msimbo 0x1A au 0x50 mara nyingi huelekeza kwenye RAM. 0x7A huelekeza kwenye diski au waya wake. 0xD1 kwa kawaida ni draiva, yaani programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa kama printa. 0x124 ni kilio cha vifaa vyenyewe, hasa kichakataji, joto au umeme. Mashine inayozimika ghafla bila ujumbe wowote ni kesi nyingine: hapo shuku joto na umeme kwanza. Misimbo hii haitoi hukumu, lakini humwonyesha mtu mlango wa kubisha.

Hatua ya tatu ni kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Kama tatizo lilianza siku ilipoongezwa printa au programu mpya, iondolewe kwanza. Windows ina kipimo chake cha RAM, kinachofunguliwa kwa kuandika mdsched, na cha diski, kiitwacho chkdsk. Mashine yenye kadi mbili za RAM huweza kuendeshwa kwa moja, kisha kwa nyingine, hadi mkosaji ajulikane. Umeme ukiwa umechomolewa, miguu ya kadi husuguliwa taratibu kwa kifutio safi na kupanguswa kwa spiriti. Kazi hiyo ni ya dakika chache na gharama yake ni ndogo mno kuliko ya mashine mpya.

Fundi naye aulizwe mapema: umeona msimbo gani, umepima kifaa gani, na faili zangu zitakaa wapi? Swali la mwisho lina uzito wa kisheria. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ianze kutumika, taarifa za mtu si mali ya kila mkono uliozishika.

Kuna tatizo jingine ambalo kifutio hakiliwezi. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kwa watumiaji wa nyumbani ikaweka kipindi cha nyongeza cha kinga hadi Oktoba 13, 2026, kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo, kwa masharti rasmi, huzikataa tarakilishi nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Hizo ndizo zinazouzwa kama mitumba, na ndizo ambazo kipato cha wengi hufikia. Wengine watahamia Linux, ambayo haina malipo. Wengine watapachika draiva na programu za kuokoteza, nazo ni mwaliko mwingine wa kiwambo kile kile.

Hapa ndipo sera inapopaswa kuzungumza. Kupanua huduma za mtandao bila kufikiria umri wa mashine, ubora wa umeme na ujuzi wa fundi wa mtaani ni kujenga ghorofa juu ya mchanga. Mombasa haina uhaba wa vijana wenye vipaji, na ina Chuo Kikuu cha Kiufundi, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013. Kozi fupi za kuchunguza hitilafu, zenye cheti kinachotambuliwa na kaunti, zingemtofautisha fundi anayepima na yule anayefuta tu.

Mpaka hayo yatimie, mzigo ni wa mwenye mashine. Dalili ya mvua ni mawingu, na kiwambo cha samawati kikijitokeza mara ya pili, hilo ni wingu. Asiyepuuza atapata nafasi ya kunakili kazi zake mapema, na wahenga walikwisha kunena kwamba akiba haiozi.