Haki ya Aliye Juu ya Mto

Ndugu Waislamu, mto Malagarasi tunaouona pale Uvinza, mpana na mzito, hauanzi ukiwa mto. Huanza kwa vijito vyembamba katika vilima vya Kasulu na Kibondo, jirani na Burundi, ambavyo mtoto huvivuka kwa hatua moja. Maji hayo hupita katika ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, kisha huelekea magharibi hadi Ziwa Tanganyika.

Kijito huishi kwa kile kinachokizunguka. Miti na majani ya mlimani huizuia mvua isikimbie, ikazama ardhini. Tope la bondeni huyashika maji na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Tukikata miti na kuchimba mifereji ya kukausha bonde, mvua ile ile huteremka kwa siku moja pamoja na udongo wetu, na ifikapo Agosti kina mama hupanga ndoo penye tope lililopasuka.

Wapo wanaouliza: bonde ndilo shamba lenye unyevu, tuliache tule nini? Swali hilo ni la haki. Lakini bonde likikauka, wa kwanza kukosa maharage ni huyo huyo aliyelima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru, ndani ya mita 60 za mto. Dini yetu ilitangulia. Az-Zubayr (r.a.) alipogombana na Answari mmoja juu ya mfereji wa kumwagilia mitende, Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba aliye juu amwagilie kwanza, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Basi aliye juu ana haki ya kutangulia, hana haki ya kuyamaliza.

Nasi watu wa milimani ndio tulio juu. Tuziache mita hizo 60 ziote miti ya asili. Tusipande mikaratusi kwenye chemchemi, kwani hunywa maji mengi. Tufyatue matofali mbali na kijito. Na kamati za misikiti zikae na serikali za vijiji, ili anayeondoka bondeni apewe pa kulima.

Tunamuomba Allah atuwafikishe. Amin.